Kimalagasi na kundi la Barito: undugu wa lugha hupimwa kwa nini?

Swali la msomaji wa Tanga: "Mwalimu, shikamoo. Nimeolewa na mtu wa Mayotte, na bibi yake anazungumza Kibushi, ambacho nimeambiwa ni Kimalagasi. Nimefungua kamusi ya Kimalagasi nikakuta ng'ombe ni omby na kuku ni akoho, nikasema basi hawa ni Wabantu wenzetu. Kisha nikasoma kwamba lugha hiyo asili yake ni Borneo, na imetiwa kwenye kikundi kidogo kiitwacho Barito Mashariki pamoja na watu wa mtoni wasio mabaharia. Wamejuaje? Na mbona wengine wanadai hilo kundi la Barito lenyewe halipo?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Moja ni kwamba Kimalagasi kina undugu na nani. Hilo limekwisha kujibiwa, na sioni litakavyopinduliwa. La pili ni namna hao ndugu wenyewe wanavyopangwa. Hapo wataalamu bado wanabishana, na binafsi naona ubishi huo ni mtamu kuliko jibu la kwanza.

Tuanze na ng'ombe na kuku wako. Uliyoyaona ni kweli, na yapo zaidi: akanga ni kanga, ampondra ni punda, na katika lahaja za pwani mbwa ni amboa. Maneno haya yametoka upande wetu wa Mlango wa Msumbiji, katika lugha za jamii ya Kiswahili na Kingazija ambazo wanaisimu huziita Sabaki. Lakini tazama ni maneno ya nini. Karibu yote ni ya mifugo na wanyama wa nyumbani. Mgeni akifika pwani akakuta wenyeji wanafuga mnyama asiyemzoea, humchukua mnyama pamoja na jina lake. Sisi wenyewe tunahesabu sita, saba na tisa kwa Kiarabu, ilhali Wagiriama wamebaki na tandahu, fungahe na chenda za wahenga. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa ajili hiyo Kiswahili kimehama ukoo.

Ukitaka kuona ukoo, toka kwenye zizi uingie kwenye sarufi. Omby haina ngeli. Wakiwa mmoja au mia ni omby tu, na hakuna kivumishi wala kitenzi kinachobadilika kwa ajili yao. Sentensi ya Kimalagasi huanza na kitenzi na kumalizia na mtenda: Mihinana vary ny zaza, yaani, kwa mpangilio wao, "anakula wali mtoto." Hesabu nayo ni hii: iray (au isa), roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo, sivy, folo. Ukiisoma mbele ya Mfilipino anayesema Kitagalogi, atashtuka, kwa kuwa kwake tano ni lima, saba ni pito na nane ni walo.

Hayo Wazungu waliyagundua mapema. Mwaka 1603 Mholanzi Frederick de Houtman, aliyekuwa amefungwa huko Aceh, alichapisha Amsterdam kitabu cha maneno ya Kimalei na ya Kimalagasi katika jalada moja. Miaka kumi hivi baadaye padri Mreno, Luis Mariano, alizunguka Madagaska akaandika kwamba lugha ya kisiwa inafanana na Kimalei, isipokuwa sehemu ya pwani ya kaskazini-magharibi ambako watu walisema lugha kama ya pwani ya Malindi. Kwa hiyo jibu la "ni Kiaustronesia" lina miaka mia nne. Shida ni kwamba jibu hilo ni pana mno. Familia ya Kiaustronesia ina lugha zipatazo 1,200, kutoka Taiwan na Ufilipino hadi Hawaii, New Zealand na Rapa Nui. Kumwambia mtu kwamba Kimalagasi ni cha huko ni kama kumwambia kwamba fulani ni Mbantu: umesema kweli, lakini hujamfikisha kwao.

Katika karne ya 19 Herman Neubronner van der Tuuk, mjuzi wa lugha za Sumatra, alikilinganisha na Kibatak, kwa kuwa vitenzi vyake vilimkumbusha vya huko. Wengine walikivuta kwenye Kimalei, wengine Ufilipino. Aliyefika mlangoni ni Otto Christian Dahl, mmisionari wa Kinorwei aliyeishi Madagaska na kukijua Kimalagasi vizuri. Mwaka 1951 alichapisha Oslo kitabu kinachokilinganisha Kimalagasi na Kimaanyan, lugha ya Wamaanyan wanaokaa mashariki ya mto Barito, kusini-mashariki ya Borneo, upande wa Indonesia. Mwaka 1967 Mmarekani Alfred Hudson akazipanga lugha za bonde lote la mto huo, akakiweka Kimaanyan katika tawi la mashariki pamoja na Dusun Witu, Paku, Lawangan, Taboyan na nyingine. Jina "Barito Mashariki" ulilolisoma linatokana na mpango huo, na Kimalagasi kikaingizwa humo kwa sababu ya kazi ya Dahl.

Sasa wamejuaje? Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi huona orodha mbili za maneno zinazofanana wakapiga mhuri.

Chukua hesabu. Kimaanyan kinasema rueh, telu, epat, dime, enem, pitu kwa mbili hadi saba. Kimalagasi: roa, telo, efatra, dimy, enina, fito. Kimalei: dua, tiga, empat, lima, enam, tujuh. Ukitazama juu juu utasema ushahidi ndio huu, Kimalagasi kinakwenda na Kimaanyan na kinaachana na Kimalei kwenye tatu na saba. Lakini pitu na telu ni maneno ya kale ya familia nzima. Watagalogi wanayo, Wamaori wanayo (toru, whitu), Wahawaii wanayo (kolu, hiku). Kimalei ndicho kilichobadilika, wengine wamebaki na walichorithi. Na urithi hauthibitishi ujirani. Watoto kumi wa mzee mmoja wanaweza wote kubaki na jina lake, na bado hujui nani kati yao walizaliwa tumbo moja. Kinachofunga kundi dogo ni kile ambacho lugha fulani zimekibadilisha pamoja na wengine hawakukibadilisha. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, na kila mgogoro wa uainishaji wa lugha hizi huishia hapo.

Basi tutafute mabadiliko. Lugha ya kale ilikuwa na sauti b mwanzoni mwa maneno kama mwezi na jiwe. Kimalei bado kinasema bulan na batu. Kimaanyan kinasema wulan na watu, Kimalagasi volana na vato. Mabadiliko ya pamoja! Ngoja kwanza: Kijava nacho kinasema wulan na watu, na hakuna anayekiweka Barito. Sauti b kulegea ikawa w ni jambo linalotokea kila mahali duniani. Vivyo hivyo d ya kale iliyogeuka r: dua ya Kimalei ni rueh kwa Wamaanyan na roa kwa Wamalagasi, lakini pia ni rua kwa Wamaori walio upande wa pili wa dunia. Mabadiliko mepesi ya namna hii hayana uzito yakisimama peke yake. Uzito wake huja yakikusanyika yote, kwa mpangilio ule ule, katika lugha mbili.

Lipo lililo gumu zaidi. Kimaanyan kiligeuza l kuwa d, lakini ikiwa mbele ya irabu i tu. Tano ya kale lima ikawa dime. Ngozi, kulit, ikawa kudit. Kimalagasi: dimy na hoditra. Mabadiliko yenye sharti la ajabu kama hilo si rahisi kutokea mara mbili kwa bahati, na kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa nguzo ya hoja. Lakini nenda kusini na magharibi ya Madagaska, kwa Wabara, Wavezo na Wasakalava. Huko mwenzi wa ndoa ni valy, si vady kama nyanda za juu, na tano ina l yake. Sasa uchague. Ama wahenga walifika na d na lahaja za magharibi zikairudisha kuwa l, ama walifika na l na wale wa nyanda za juu na mashariki wakafanya upya, peke yao, kitu kile kile ambacho Wamaanyan walikifanya Borneo. Naegemea la kwanza, kwa sababu sharti ni moja pande zote mbili za bahari. Lakini kama huo ungekuwa ushahidi pekee, nisingethubutu kukupa jibu la mkato nililokupa mwanzoni.

Bahati nzuri si pekee. Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa maji. Katika lugha za huko, neno la kale la maji linaonekana katika danum ya Wangaju, majirani wa Wamaanyan upande wa magharibi wa Barito. Neno lingine, ambalo kwa Kimalei ni danau, lilikuwa la ziwa. Kimaanyan kimeliacha lile la maji, na maji kinayaita ranu, yaani kimechukua neno la ziwa kikalifanya la maji yote, ya kunywa na ya kuogea. Kimalagasi kinasema rano. (Herufi o ya Kimalagasi husomwa u, kwa hiyo ukiyasikia kwa masikio yako ni neno moja.) Sauti kugeuka ni jambo la ulimi, huweza kujirudia popote. Watu kuhamisha maana ya neno la kila siku namna hiyo ni jambo la historia yao, na wakilifanya pamoja walikuwa pamoja.

Hapa lazima nitoe onyo, maana najua utakwenda kumwambia mumeo kwamba bibi yake anasema Kimaanyan. Hapana. Kimalagasi hakikuzaliwa na Kimaanyan, bali vyote viwili vilizaliwa na lugha moja iliyokuwa kusini-mashariki ya Borneo na ambayo haipo tena. Tena katika vitenzi Kimalagasi kimehifadhi mambo ya kale kuliko Kimaanyan: kina namna mbalimbali za kumweka mtenda, mtendwa au mahali mbele ya sentensi, zinazofanana na za Ufilipino. Kimaanyan, kwa kukaa miaka mingi karibu na Kimalei cha Banjar, kimerahisisha mengi. Ndiyo maana van der Tuuk alipotazama vitenzi alielekea kwingine, na hakuwa mjinga. Aliona urithi akaudhani ni undugu wa karibu.

Uliposema "wasio mabaharia" umedokeza pia, kwa upole, swali la watu wa mtoni walivukaje Bahari ya Hindi. Ndilo swali lililomsumbua Alexander Adelaar, Mholanzi aliyefanya kazi Melbourne na aliyechambua maneno ya mkopo ndani ya Kimalagasi kuliko mtu mwingine yeyote. Aligundua kwamba maneno ya bahari na ya upepo mengi si ya Kibarito, ni ya Kimalei. Mfano wake maarufu ni pande za dunia. Kimalei barat ni magharibi na timur ni mashariki. Kimalagasi kimeyachukua, avaratra na atsimo, lakini kwao ni kaskazini na kusini! Mabaharia waliyabeba kama majina ya pepo, na pepo za Madagaska haziji kutoka kule zinakotoka za Java. Yamo pia maneno ya viungo vya mwili: tanana, mkono, kutoka tangan; sofina, sikio, kutoka cuping. Hata kile kiambishi Ra- cha heshima, unachokiona kwenye majina ya wakubwa wa Madagaska kama Ravalomanana na Rajoelina, kina mizizi katika Kijava. Maneno ya Kisanskriti yaliyomo yana alama za kupitia Kimalei na Kijava, na kwa hoja hiyo Adelaar aliisogeza safari kutoka karne ya 5, alikoiweka Dahl, hadi karne ya 7 au baada yake, zama za dola ya Srivijaya huko Sumatra. Picha inayotokea ni ya merikebu za Wamalei zilizobeba watu wa Barito kama mabaharia wa chini na vibarua. Wenye vyombo walikuwa wachache; wabebwaji wakawa wengi, na lugha yao ndiyo iliyoshika kisiwani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2016 nao umeielekeza asili ya Kiasia ya Wamalagasi kwa Wabanjar, walio eneo lile lile la kusini-mashariki ya Borneo na ambao leo husema Kimalei.

Wabantu nao hawakuishia kuwapa ng'ombe tu. Linganisha epat na efatra, anak na anaka, langit na lanitra. Kimaanyan kinafunga neno kwa konsonanti bila taabu, Kimalagasi hakitaki, lazima kitie irabu mwishoni. Msemaji wa Kiswahili anaijua tabia hii, ndiyo iliyotupa kabati, benki na buku. Dahl, katika maandishi yake ya 1988, alidai kwamba ni Wabantu walioacha lugha yao na kuingia Kimalagasi ndio waliokipa tabia hiyo. Ni hoja nzuri, na huku kwetu hupokelewa kwa shangwe. Lakini Kigorontalo cha Sulawesi nacho kimeongeza irabu mwishoni mwa maneno bila Mbantu hata mmoja kukikaribia. Kwa hiyo nakubali kwamba Wabantu walisaidia. Kwamba wao ndio chanzo pekee, nasita.

Sasa twende kwenye hilo la kundi kutokuwapo, na hapa wakosoaji wana hoja. Hudson alizipanga lugha za Barito hasa kwa kuhesabu asilimia ya maneno yanayofanana. Akapata matawi matatu: magharibi (Ngaju, Ot Danum, Bakumpai), mashariki, na Tunjung kaskazini-mashariki kuelekea mto Mahakam. Kisha yote yakaitwa Barito, kana kwamba ilikuwapo lugha moja mama ya matawi yote matatu. Unakumbuka kanuni? Kufanana hakutoshi, tunataka mabadiliko ya pamoja. Alexander Smith, aliyeandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Hawaii juu ya lugha za Borneo nzima, aliyatafuta mabadiliko yanayozifunga lugha zote za Barito na kuziacha nyingine nje. Katika makala yake ya 2018 alisema hakuyapata. Alichokipata ni mabadiliko yanayopandana: hili liko lugha ya kwanza na ya pili, lile liko ya pili na ya tatu, na hakuna lililozifikia zote. Kwa hiyo akasema Barito ni mkufu wa lahaja zilizokuwa jirani na kuambukizana taratibu, wala si tawi lililochipuka mahali pamoja.

Lugha zetu zenyewe zinatuonyesha jinsi hilo linavyowezekana. Simama Mombasa: Kimvita kinakubaliana na Kiamu katika mambo fulani, na katika mengine kinakwenda na Kiunguja. Ukitaka kuchora mti wenye matawi yaliyokatika vizuri utapata tabu, maana watu hawakuachana. Waliendelea kuoana na kufanya biashara. Bonde la mto nalo liko vivyo hivyo, pengine zaidi, kwa kuwa mto ndio barabara.

Kuna nyongeza iliyolifanya jambo kuwa gumu zaidi. Robert Blust, mmoja wa mabingwa wakubwa wa familia hii, alidai katika miaka ya 2000 kwamba lugha za Sama-Bajaw, za wale watu wa mashua waliotapakaa kusini mwa Ufilipino, Sabah na Sulawesi, zinatokana na eneo hilo hilo la Barito. Alizikusanya zote chini ya jina Barito Kuu. Ushahidi wake ulikuwa wa maneno zaidi kuliko wa sauti, na mimi nauona mwembamba, ingawa hadithi yenyewe inavutia: vikundi viwili kutoka bonde moja la bara, kimoja kikaishia kuishi juu ya mashua, kingine kikaishia Afrika.

Je, ukiondoa Barito kama tawi, Kimalagasi kinaanguka nacho? La. Kinachoondolewa ni paa la juu. Kule chini, Kimalagasi, Kimaanyan na jirani zake wa karibu, Dusun Witu na Paku, bado wameshikamana kwa yale mabadiliko ya sauti yaliyojikusanya na kwa maji yale ya ziwa. Ukiulizwa, sema "kusini-mashariki ya Barito" na hapo utakuwa mahali salama. Ukipanda hadi "Barito Mashariki" kwa ujumla, sema kwa sauti ya chini kidogo. Ukifika "Barito" nzima au "Barito Kuu", sema ni jina la eneo lenye lugha zilizoathiriana.

Mwisho ni bibi wa Mayotte. Kibushi ni Kimalagasi kamili, na kina namna mbili kisiwani hapo: moja iliyo karibu na Kisakalava cha kaskazini-magharibi ya Madagaska, na nyingine ya Waantalaotsi, jamii ya Kiislamu ya wafanyabiashara wa pwani hiyo hiyo. Wengi wa Mayotte husema Kimaore, ambacho ni ndugu wa Kingazija na kwa hiyo ni ndugu wa Kiswahili chako. Kisiwa kimoja kina lugha za familia mbili tofauti kabisa, na nyumba yenu pia. Mwombe bibi akuhesabie hadi kumi, kisha umuulize maji anayaitaje.